Kiingereza cha Chuo Kikuu kama Sajili: Stadi za Kitaaluma kwa Wanafunzi watokao Kibera na Kawangware

1. Utangulizi

Kila mwaka vyuo vikuu vya Nairobi hupokea vijana waliokulia Kibera na Kawangware. Ni vijana waliopita katika vichujio vingi. Wamefaulu mtihani wa taifa wakiwa na vitabu vichache, na aghalabu wamesomea katika chumba kimoja kinachotumiwa na jamaa nzima kwa kupika, kula na kulala. Hata hivyo, baada ya majuma machache ya mihadhara, kijana aliyekuwa msemaji wa wenzake mtaani hunyamaza katika semina, na insha yake ya kwanza hurudishwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Hukumu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba Kiingereza chake ni hafifu, na mshtakiwa wa kwanza huwa ni Sheng.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo imeielewa vibaya hali ya mwanafunzi huyo. Kinachomkwamisha si Kiingereza kwa jumla, bali ni sajili moja ya Kiingereza, yaani lugha ya maandishi ya kitaaluma. Sajili hiyo hufunzwa vyema zaidi ikianzia kwenye stadi ambazo tayari anazo katika Kiswahili. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi kazi ya kumwandaa si ya walimu wa Kiingereza peke yao. Idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika nazo zina sehemu ambayo kwa muda mrefu zimewaachia wengine.

2. Hali ya lugha katika mitaa hii miwili

Kibera si mtaa usio na lugha, kama ambavyo baadhi ya watu hudhani wanapousikia mchanganyiko wake. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi walikuwa askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, waliopewa makazi mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha yao, ambayo ni krioli iliyotokana na Kiarabu, ilichunguzwa na Bernd Heine katika kitabu chake cha mwaka 1982. Baadaye walihamia watu wa makabila mengine, hasa Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu, na Kiswahili kikawa daraja baina yao. Kawangware, upande wa Dagoretti, ilikuwa katika nchi ya Wakikuyu, kisha ikapokea wahamiaji wengi kutoka magharibi mwa Kenya. Huko pia Kikuyu na Kiluhya husikika nyumbani, na Kiswahili sokoni.

Juu ya lugha hizo imeenea Sheng, ambayo wataalamu wengi wanahusisha kukua kwake na mitaa ya Eastlands katika miaka ya 1970, na ambayo Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliieleza katika makala yao ya mwaka 1997. Yafaa isisitizwe kwamba msemaji wa Sheng haisemi kila mahali. Msichana wa Makina anaweza kusema Kinubi na bibi yake, Kiswahili na jirani, Sheng na rika lake, na Kiingereza na mwalimu, yote kabla ya jua kutua. Hamwambii chifu maneno anayomwambia makanga wa matatu, wala hamwamkii mzee wa msikitini au wa kanisani kama anavyomwamkia mwenzake wa darasani. Kuchagua lugha kwa kuangalia mahali, msikilizaji na shabaha ndiko wanaisimujamii hukuita umilisi wa kimawasiliano. Kijana wa mitaa hii huja chuoni akiwa na umilisi huo kwa kiwango ambacho wenzake wengi waliokulia penye lugha moja hawanacho.

3. Kiingereza alichokutana nacho shuleni

Ikiwa ni hivyo, kwa nini aliyezoea kubadili lugha mara nne kwa siku ashindwe na badiliko la tano? Jibu limo katika namna alivyokutana na Kiingereza.

Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirekebisha jambo hilo, ikapendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika madarasa ya mwanzo, na katika miji yenye makabila mengi lugha hiyo ikawa ni Kiswahili. Baada ya ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 na kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kiliingia katika orodha ya masomo ya lazima na yanayotahiniwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, nao unatambua lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza. Kwa karatasi, basi, mtoto wa Kibera huanza na lugha anayoijua. Kwa hakika, wazazi na wenye shule nyingi za mitaani hupendelea Kiingereza tangu siku ya kwanza, maana mitihani ya mbele huandikwa kwa lugha hiyo.

Matokeo yake ni Kiingereza cha aina ya pekee. Ni Kiingereza cha kuitikia kwa pamoja, cha kunakili ubaoni kwa sababu kitabu ni kimoja kwa wanafunzi wengi, na cha kujibu kwa neno moja au mawili. Katika shule nyingi nchini kimekuwa pia lugha ya kuogopwa: aliyekutwa akisema lugha nyingine alivishwa kibao shingoni hadi amkamate mwenzake. Mwanafunzi aliyepitia njia hiyo hujifunza kwamba usalama umo katika kusema machache na kunakili bila kukosea. Tabia hiyo ilimfaa katika mtihani wa kukumbuka. Chuo kikuu, kinachomtaka apime hoja, apinge na akiri shaka, huihesabu tabia hiyo hiyo kuwa ni uvivu wa kufikiri. Hapo ndipo dhuluma inapotokea, kwa kuwa akili ya mtu hupimwa kwa chombo ambacho hakuna aliyemfundisha kukitumia.

4. Tofauti ya lugha na sajili

Mwaka 1979 Jim Cummins alipendekeza kutofautisha umilisi wa mazungumzo ya kila siku na umilisi wa lugha ya kitaaluma. Mtu aweza kuwa mwepesi katika ule wa kwanza na bado akawa mgeni katika wa pili. Pamoja na hayo alitoa hoja nyingine, ambayo haitajwi sana katika vyumba vya walimu: kwamba stadi za kitaaluma hutegemeana baina ya lugha za mtu mmoja. Aliyejifunza kufupisha, kufafanua na kulinganisha katika lugha moja hahitaji kujifunza upya kufupisha katika lugha nyingine. Huhitaji maneno na miundo ya kulitendea tendo hilo.

Mfano utaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Julai 2018 nyumba nyingi na shule kadhaa zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Kijana aliyeshuhudia tukio hilo anaweza kumsimulia mwenzake hivi:

(a) Tinga zilikam asubuhi zikaangusha keja zote, tukabaki kwa baridi.

Akitumwa na wazee kuandika barua kwa ofisi ya chifu, kijana huyo huyo ataandika:

(b) Nyumba zetu zilibomolewa alfajiri, nasi tumekosa mahali pa kulala. Twaomba msaada wa haraka.

Na akiwa mwanafunzi wa jiografia anayeandika insha, atatakiwa kuandika:

(c) Ubomoaji wa makazi kwa ajili ya ujenzi wa barabara ulisababisha ukosefu wa makao miongoni mwa wapangaji, na yaelekea athari zake zilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa shule.

Kutoka (a) hadi (c) yametukia mambo manne. Kwanza, vitenzi vimegeuzwa nomino: kubomoa kumekuwa ubomoaji, kujenga kumekuwa ujenzi, kukosa kumekuwa ukosefu. Pili, "sisi" tuliobaki kwa baridi tumetoweka, na mahali petu wamesimama "wapangaji". Tatu, uhusiano wa sababu na matokeo, ambao katika (a) ulibebwa na mfuatano wa matukio na kiambishi ka, sasa umetajwa waziwazi kwa kitenzi kusababisha. Nne, limeingia neno yaelekea, linalompimia msomaji kiasi cha uhakika wa mwandishi.

Mambo hayo manne ndiyo hasa alama za Kiingereza cha kitaaluma. Kiingereza hugeuza vitenzi kuwa nomino kwa viambishi tamati vyake. Kiswahili hufanya hivyo aghalabu kwa ngeli ya U. Kiingereza hupunguza uhakika kwa vitenzi visaidizi vyake. Kiswahili kina huenda, yamkini, yaelekea na inadhaniwa. Anayeona safari ya kutoka (a) hadi (c) katika lugha anayoielewa ameona umbo la sajili yenyewe. Akipelekwa kwenye (c) ya Kiingereza bila kuonyeshwa safari hiyo, huona sentensi ngumu tu, naye huikariri.

Hapa kuna jambo ambalo mwalimu hapaswi kulipuuza. Kutoweka kwa "sisi" si suala la sarufi peke yake. Mwanafunzi ambaye nyumba iliyobomolewa ilikuwa ya mama yake anaweza kuiona sentensi (c) kuwa ni ya mtu asiyejali. Yafaa aelezwe kwamba (a) si kosa, na kwamba (c) haiifuti. Kila moja ina mahali pake, na aliye na zote tatu ndiye awezaye kusikika mtaani, kwa chifu na mbele ya wanaopanga mji.

5. Akiba aliyo nayo mwanafunzi

Mara nyingi stadi za chuo kikuu hufundishwa kana kwamba mwanafunzi huja mikono mitupu. Sivyo. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya pili ya Kiswahili imekuwa na sehemu nne: ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii. Katika ufupisho mtahiniwa hutakiwa kutoa hoja za kifungu kwa idadi ndogo ya maneno bila kupotosha maana. Kazi hiyo haina tofauti ya msingi na ile ya kuandika nukuu za mhadhara. Katika isimujamii hupewa mazungumzo, akaulizwa ni sajili ipi, ya mahakama, hospitali au soko, na athibitishe kwa sifa za lugha. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tayari ana dhana ya sajili na istilahi ya kuieleza. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba mhadhara wa uchumi na makala ya sosholojia nazo ni sajili, na kwamba anaweza kuzichunguza kwa chombo kile kile.

Karatasi ya tatu, ya fasihi, nayo imemzoeza kutoa dai na kulithibitisha kwa ushahidi kutoka matini. Hali kadhalika, katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili malenga hujibizana: anayejibu humtaja aliyetangulia, hurejelea hoja yake, kisha huipinga au huiunga mkono, na mwisho hujitaja jina ili abebe dhamana ya maneno yake. Huo ndio msingi wa kunukuu na kukiri chanzo.

6. Yaliyokwisha kujaribiwa

Tatizo lenyewe si geni katika Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, na mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania hakikutosha kubeba masomo waliyofundishwa kwacho. Nchini Kenya, wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 waliingia vyuo vikuu mwaka 1990, na somo la stadi za mawasiliano likawa sehemu ya kawaida ya mwaka wa kwanza.

Juhudi hizo zina sifa yake. Lakini kwa jumla zimekuwa na upungufu wa aina mbili. Kwanza, hufundishwa katika kumbi kubwa, kwa mihadhara inayoeleza namna ya kuandika nukuu badala ya kumpa mwanafunzi nafasi ya kuziandika na kusahihishwa. Pili, hufundishwa kwa Kiingereza peke yake, yaani ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lile lile unalopaswa kulifungua.

7. Mapendekezo ya ufundishaji

Yanapendekezwa mazoezi manne, ambayo mhadhiri wa Kiswahili na wa Kiingereza wanaweza kuyafundisha kwa zamu.

Zoezi la kwanza ni la nukuu. Wanafunzi wasikilize maelezo ya dakika kumi kwa Kiswahili juu ya mada fulani, waandike hoja kuu, kisha wasikilize maelezo ya Kiingereza juu ya mada hiyo hiyo. Katika hatua hii nukuu zao ziwe katika lugha yoyote, hata Sheng na vifupisho vya ujumbe wa simu, kwa kuwa nukuu ni mali ya mwandikaji. Mwishoni waandike muhtasari kwa Kiingereza sanifu. Hivyo hujifunza kwamba kusikiliza ni kuchagua, si kunakili.

Zoezi la pili ni la maagizo ya mtihani. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kujibu swali ambalo halikuulizwa. Neno "discuss" halimwagizi mtu kuzungumza juu ya mada, bali kupima pande zake, kama jadili katika karatasi ya fasihi. "Account for" hutaka sababu, wala si maelezo ya tukio. "To what extent" hutaka kipimo, na jibu lisilo na kipimo, hata likiwa na habari nyingi, halijajibu. Yakipangwa sambamba na jadili, fafanua, thibitisha na tathmini, maagizo hayo hupoteza utisho wake.

Zoezi la tatu ni la kukiri chanzo. Aliyelelewa kwa kunakili ubaoni hawezi kulaumiwa kwa wizi wa maandishi kabla ya kuonyeshwa kwamba maneno ya kitabu yana mwenyewe. Achukue aya moja, aieleze kwa Kiswahili bila kuitazama, kisha aieleze kwa Kiingereza akimtaja mwandishi wake. Kupitia lugha ya pili humlazimisha aachane na maneno ya awali na kushika maana.

Zoezi la nne ni la kuuliza. Mhadhiri atenge dakika chache ambamo swali laweza kuulizwa kwa Kiswahili, kisha mwulizaji asaidiwe na wenzake kulitunga upya kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyekwisha kusikika mara moja hurejea kusema.

Aidha, kuna muda ambao hautumiki. Mtihani wa KCSE humalizika Novemba, na wengi huanza chuo miezi minane au zaidi baadaye. Kwa kijana asiye na chumba cha kusomea, miezi hiyo hufifisha hata alichojua. Kibera kuna maktaba ya umma. Idara inayotaka kuanza kidogo ingeweza kuwapeleka huko wanafunzi wake wa mwaka wa tatu ili waongoze vikundi vya kusoma vya wanaongoja kuingia chuoni, na kutafuta ukumbi wa kazi hiyo hiyo Kawangware.

8. Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba njia hii itazaa Kiingereza cha tafsiri, kilichojaa miundo ya Kiswahili. Hatari hiyo ipo kwa anayefasiri neno kwa neno. Mazoezi yaliyotajwa huhamisha tendo la akili, kama kufupisha au kupima, na huacha kila lugha itumie miundo yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, Kiswahili sanifu chenyewe si kigeni kwa kijana wa Sheng? Kwa kiasi fulani ni kigeni. Sentensi (c) haisemwi Laini Saba wala katika kituo cha 46 cha Kawangware, na wapo wanafunzi ambao upatanisho wao wa ngeli ungemfadhaisha mhadhiri. Lakini umbali hauwi sawa. Kutoka Sheng hadi Kiswahili sanifu mwanafunzi huchukua mizizi ya vitenzi, viambishi vingi na miaka kumi na miwili ya somo la Kiswahili. Safari fupi ikitangulia, ndefu huwa nyepesi. Tena faida ni mbili: anayefika (c) kwa njia hii amejipatia Kiswahili cha kitaaluma pia, ambacho Katiba ya mwaka 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, imekipa kazi ambayo bado haina watendaji wa kutosha.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba mwanafunzi atokaye Kibera au Kawangware hana upungufu wa lugha, bali amenyimwa utangulizi wa sajili moja. Kwamba sajili hiyo ina umbo linaloweza kuonyeshwa kwa Kiswahili. Na kwamba stadi za kuifikia zimo tayari katika yale aliyotahiniwa. Haidaiwi kwamba Kiingereza kiachwe. Maadamu vitabu vingi vya fani zake vimeandikwa kwa lugha hiyo, kumnyima Kiingereza cha vitabuni ni kumfungia maktaba.

Wanafunzi wa mtaala wa umilisi wanatarajiwa kuanza kufika vyuo vikuu mwaka 2029. Idara za lugha zina muda wa kukutana na kugawana kazi hii kabla ya hapo. Zisipofanya hivyo, insha nyekundu zitaendelea kurudishwa, na semina zitaendelea kuwa na kiti cha nyuma ambapo mtu mwenye lugha nne ameketi kimya.